Msusi wa Vichwa vya Mwisho

Saluni ya Mama Kitana ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye viti vitatu vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni na benchi la wanaosubiri zamu. Jina hilo alipewa na wateja. Kitana chake alikichomeka nyuma ya sikio kama seremala anavyochomeka penseli, akaenda nacho sokoni, akaenda nacho msibani, na mumewe, enzi za uhai wake, alilalamika kuwa kinamchoma kitandani. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Mtoto aliyeletwa akibebwa mzobemzobe, anapiga mateke, alikaa magotini pake akasinzia, akaamka keshasukwa.

Siku hizo joto lilikuwa limeshawapangia watu saa za kuishi. Maduka yalifunguliwa alfajiri. Jua likipanda, kila mtu aliingia ndani, akafunga mlango, akashusha pazia lililoloweshwa maji, akangoja jioni. Mchana barabara ilikuwa tupu kama ufizi wa kibogoyo. Aliyelazimika kutoka alitoka mbio, na wapo waliotoka wasirudi. Wazee walisema zamani haikuwa hivyo, lakini wazee wenyewe walikuwa wanapukutika, kila kiangazi kikiondoka na wake.

Mama Kitana alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, karani katika bohari ya dawa, mcheshi, mwenye nywele nyingi zilizovunja meno ya vitana. Kwa kuwa msusi hajisuki, mama na binti walisukana wao kwa wao. Mama alimsuka binti mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Binti, ambaye mikono yake ilikuwa mizito kama ya mpasua kuni, alimsuka mama vitu visivyo na jina.

"Umenifanya shamba lililolimwa na mlevi," mama alimwambia akijitazama kiooni.

"Shamba likizaa, mlevi halaumiwi," binti alijibu, na siku ya pili mama alifungua saluni na kichwa hichohicho, wateja wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Binti aliolewa na dereva wa lori la maji, mwanamume mpole aliyesema maneno machache na kuyasema mara moja tu. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume. Alizaliwa na nywele zilizojaa hadi shingoni, na Mama Kitana akamwita "mume wangu", akamwahidi mahari ya maziwa. Mtoto hakumaliza miezi minne. Umeme ulikatika adhuhuri, kiyoyozi kikazima. Walimfunika kwa vitambaa vibichi, wakampepea kwa zamu kwa kifuniko cha ndoo, na alipoacha kulia wakadhani amepata nafuu. Mchana ule mtaa ulipoteza watoto wengi. Vilio vilisikika nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyeweza kwenda kumpa mwenzake pole mpaka jua lilipozama.

Baada ya hapo ndipo sindano ilipokuja.

Muuguzi wa kliniki aliwaeleza, binti akiwa amekaa mbele yake na mimba ya pili ambayo bado haijaonekana, mama yake kando. Mjamzito anachomwa mapema, alisema, na mtoto anayezaliwa anakuwa na mwili unaolihimili jua. Ngozi yake inakuwa nene, maji anakunywa kidogo, jasho halimtoki. Nywele haoti, mahali popote.

"Na akili?" binti aliuliza.

"Akili anayo. Wengine wanasema wanatuzidi."

"Na sisi atatupenda?"

Muuguzi alitazama karatasi zake, kisha akaziacha. "Hilo, dada yangu, halimo katika maelezo niliyopewa."

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, mbona kimya? Sema neno."

"Niseme nini, mwanangu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mimi nimeshamzika mmoja." Akavuta pumzi. "Chomwa."

Mtoto alizaliwa wa kike, kichwa kitupu, ngozi kavu na laini kama jiwe lililokaa mtoni miaka. Hana nyusi, hana kope. Mama Kitana alimpokea, akapitisha kiganja utosini taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka mkekani. Hakukuta kitu. "Kokoto," alisema, na jina likaganda.

Shangazi Domo, mteja wake wa miaka mingi ambaye hakupewa jina hilo bure, alikuja kumwona mtoto. "Mwenzangu," alisema, "huyu ndiye atakayekufungia duka." Walicheka wote, na Mama Kitana alicheka kuliko wote, kwa sababu mtoto alikuwa hai na kiangazi kilikuwa kimeanza.

Kokoto hakuugua hata siku moja. Umeme ulipokatika, watu wazima walilala sakafuni wakihema kama mbwa, naye alitambaa juu ya migongo yao akicheka. Alipoweza kusema, alikaa saluni alfajiri akiangalia vidole vya bibi yake vikienda.

"Bibi, hizo ukizivuta zinauma?"

"Kidogo."

"Ukizikata?"

"Haziumi."

"Sasa ni za nini?"

Mama Kitana alifikiri. Aliyekuwa akisukwa naye akangoja jibu. "Za kukupa sababu ya kukaa karibu na mtu," alisema hatimaye. Kokoto aliridhika, akasogea, akaegemea paja la bibi yake. Mwili wake ulikuwa kama mgongo wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, lakini Mama Kitana hakumwondoa.

Alipofika umri wa kung'oka meno, ubaya wenyewe ukajitokeza. Alianza kutetemeka ndani ya nyumba. Midomo ilimbadilika rangi, akajikunja kama kifaranga kilichonyeshewa, wakamrundikia mablanketi na bado akatetemeka. Wakakimbilia kliniki. Muuguzi aliyewachoma alikuwa amestaafu. Aliyempokea kiti alikuwa kijana, na alisema kwa haraka, kama mtu aliyeshayasema mara nyingi asubuhi hiyo.

"Mwili wake umejengwa kwa joto, na sasa umekomaa. Hewa mnayoitaka ninyi inamuua yeye. Anayoitaka yeye inawaua ninyi. Mtengeni chumba."

"Chumba gani?" baba wa mtoto aliuliza.

"Chochote kisichopoa."

Baba akajenga chumba cha mabati nyuma ya nyumba, bila dari, bila dirisha. Mchana mtu angeweza kuoka mkate humo. Kokoto aliingia, akajinyoosha sakafuni, akalala usingizi mzito kama hajalala tangu azaliwe. Mama yake alisimama mlangoni akimtazama mpaka jua likamrudisha ndani. Kuanzia hapo waliishi kama wafanyakazi wa zamu mbili wanaopishana getini: walionana alfajiri kidogo na magharibi kidogo, huyu akijizuia kutetemeka, yule akijizuia kuhema.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na kibanda cha bati, na ndani ya kila kibanda mtoto. Mchana watoto walitoka. Barabara iliyokuwa tupu ikawa yao. Watu wazima waliinua pembe ya pazia wakawaona wakikimbizana juu ya lami iliyolainika, peku. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyeweza kusimama juani, serikali iliwapa vishikwambi vya kuwafundisha, navyo viliwafundisha vizuri, na vikawafundisha mambo ambayo wazazi wao hawakuyajua. Wakaanza kuzungumza kwa namna yao, midomo imefumbwa nusu ili mate yasikauke, maneno yamekatwa vipandevipande.

"Wanaongea kama wanatema kokwa," Shangazi Domo alisema.

"Wanaokoa maji," Mama Kitana aliwatetea.

"Mimi maji nimeyamwaga maisha yangu yote, na sijutii hata tone." Lakini hakucheka, na mwaka huo hakumaliza kiangazi. Mama Kitana alikwenda kumsuka kwa mara ya mwisho, nywele mbili tatu zilizobaki.

Saluni ikaanza kukauka kama kisima. Kwanza walipotea watoto wa shule, kisha mabibi harusi wakaacha kuja, maana wale wa mwisho wenye nywele walikuwa wameshaolewa. Wateja wakabaki wanawake wa makamo na vikongwe. Kliniki nayo iliacha kuuliza wajawazito wanataka nini, ilichoma tu. Jioni moja mama mmoja kijana alikaa kitini, akamwambia Mama Kitana, "Nimesikia mimi ndiye mwenye umri mdogo kuliko wote mtaani wenye nywele." Mama Kitana alipekua kumbukumbu zake amtafutie mdogo kuliko yeye, ili amfariji. Hakumpata. Akaendelea kusuka.

Kwa binti yake huzuni ilianza kama uvivu. Aliacha kwenda bohari. Aliacha utani. Wakisukana alikaa kama gunia, na mistari ya mama yake haikumtoa hata neno. Siku moja alisema bila kugeuka, "Nataka kumpakata mwanangu."

"Unampakata alfajiri."

"Namsalimia alfajiri. Kupakata ni mtoto alale kifuani mpaka mkono ufe ganzi. Wewe ulinipakata mpaka nikawa na aibu ya rafiki zangu."

"Mwanangu, kile chumba ni tanuri."

"Najua ni nini."

Akaanza kuingia. Alichukua chupa za barafu, akajifunga vitambaa vibichi kichwani na kwapani, akaingia mchana kukaa na mtoto, muda mfupi, kisha muda mrefu kidogo. Mumewe alimkataza kwa sauti yake ileile ya mara moja tu. Kokoto mwenyewe alimsukuma nje. "Mama toka, unawaka," alikuwa akimwambia. Mama mtu alitoka ameiva kama pilipili, macho mekundu, lakini amechangamka kidogo, na Mama Kitana, Mungu amsamehe, alipoona ameanza tena kutania aliufunga ulimi. Alijiambia ataongea naye wiki ijayo.

Siku ile lori lilikuwa safari ya mbali. Mama Kitana alikuwa amechelewa saluni na mteja mwenye nywele ndefu, jua likamkuta hukohuko, akafunga mlango na kulala benchini kungoja jioni kama alivyofanya mara nyingi. Aliamshwa na hodi. Mchana mkavu, saa ambazo hakuna abishaye hodi. Alifungua, joto likamzaba kofi la uso, na mbele yake alisimama Kokoto, ametulia, uso umejaa mshangao mzuri.

"Bibi," alisema, "mama amekuwa kama mimi."

"Amekuwaje?"

"Joto lake limekuwa kama langu. Tulilala. Alinipakata, na nilipoamka hakuwa wa baridi tena. Hatetemeki, hahemi. Tumekuwa sawa. Nimemwambia tutoke tukacheze, bado amelala."

Mama Kitana alichovya khanga kwenye ndoo, akajitupia kichwani, akatoka. Miaka mingi hakuwa ameiona barabara saa hizo. Lami iling'ang'ania kandambili zake mpaka moja ikabaki nyuma. Hewa ilikuwa nzito, haiingii kifuani. Alipoyumba, watoto walitokea huku na huku, vichwa vitupu vinang'aa, wakamshikia boksi kubwa lililofunguliwa juu ya kichwa liwe kivuli, wakamsukuma mgongoni kwa viganja vyao vya moto wakisemezana kwa maneno yao ya vipande. Hivyo ndivyo alivyofika.

Binti yake alikuwa chali sakafuni, mkono mmoja umenyooka pale alipokuwa amelala mtoto. Chupa za barafu zilikuwa zimegeuka maji ya moto. Uso wake ulikuwa mtulivu, na hilo Mama Kitana hakulisamehe kamwe, kwamba ulikuwa mtulivu. Watoto walimsaidia kumburura hadi ndani ya nyumba, kwenye kiyoyozi. Kokoto alisimama kizingitini, hawezi kuingia.

"Usimpoze, bibi," alisema. "Utamrudisha alivyokuwa."

"Amekufa, Kokoto."

Mtoto alifikiri. "Lini?"

"Mkiwa mmelala."

Kokoto akatazama kifua chake mwenyewe, mahali mkono ule ulipokuwa umelala, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaingia juani.

Jioni majirani walikuja kumwosha marehemu. Mama Kitana aliwaomba wamwachie kichwa. Alifumua mistari ya wiki iliyopita, akaichana, akapaka mafuta, akaanza upya kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Nywele bado zilikuwa nyingi. Alisuka polepole, akarudia palipopinda, na mwanamke mmoja aliyetaka kumwambia kwamba watu wanasubiri makaburini alimtazama usoni akaghairi.

Mazikoni Kokoto alisimama kando ya baba yake, aliyerudi na lori jioni ileile, amejifunga blanketi, maana jua lilikuwa limezama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Watu waliliona hilo. Mama Kitana alisikia nyuma yake: "Hata chozi. Mama yake mzazi." Na mwingine: "Hawana moyo hawa, walikatwa pamoja na nywele." Baba wa mtoto hakugeuka.

Walipotawanyika, Mama Kitana alimwita mjukuu wake kando.

"Inauma?"

"Inauma, bibi."

"Mbona hulii?"

Kokoto alipapasa pembe za macho yake kwa kidole, kwanza hili, kisha lile, kama anayekagua mlango uliokomelewa. "Naona ninyi yanatoka," alisema. "Mimi haina pa kutokea. Inazunguka tu humu ndani. Itakwisha yenyewe?"

Mama Kitana alikumbuka zile karatasi za kliniki. Waliotengeneza sindano walitafuta kila tundu ambalo maji humtoka mtu, wakaliziba, na hawakuuliza huzuni itoke na nini. "Itapungua," alimjibu, na alijua kwamba anamdanganya, kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa inatoka kwa macho yote mawili na haikupungua.

Dereva alivumilia kiangazi kimoja. Kisha alisema kuna kazi nchi za baridi, atatuma neno. Alimpa Kokoto koti lake, akaondoa lori. Neno halikuja. Huenda alifika, huenda hakufika. Kokoto naye alihama kibanda, akaenda kukaa na wenzake kwenye kiwanda cha matofali kilichoachwa, ambako matanuri yalihifadhi joto la mchana mpaka asubuhi. Alikuja kumwona bibi yake alfajiri, kwanza kila siku, kisha siku moja moja. Alirefuka. Alijifunza kumsemesha bibi taratibu, kwa sentensi nzimanzima, kama mtu anavyomsemesha mgeni.

Katika miaka iliyofuata mabomba yalikufa, na malori ya maji yakakoma. Wenye nguvu za kwenda mbali kuchota walikuwa wale walioweza kutembea mchana. Ndipo watoto, ambao sasa hawakuwa watoto, walipoanza kupita na madumu na kuweka moja kwenye kila mlango uliokuwa bado na mtu. Hakuna aliyewatuma.

Mama Kitana alikuwa hasuki tena. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na vichwa vyenyewe havikuwepo. Alikaa tu saluni alfajiri, mlango wazi. Kokoto alikuja na dumu, akalitua kizingitini, akachuchumaa nje, mbali kidogo na ubaridi wa chumba.

"Bibi, mtaa huu mmebaki wangapi?"

"Hatujihesabu, mjukuu wangu. Kujihesabu ni kuita mkosi."

"Sisi tunawahesabu."

"Mnatuhesabia nini?"

"Tujue maji ya kuchota. Tulikaa kikao. Wengine walisema njia ni ndefu, tuache. Mimi nilisema hapana, na wengi wamekubali." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Tutawaletea mpaka mtakapokwisha."

Mama Kitana alimtazama. Alitafuta katika uso ule laini, usio na nyusi za kupanda wala kushuka, dalili yoyote ya kebehi au chuki. Angeiona angeshukuru, maana chuki ni kitu cha watu wanaojuana. Hakukuwa na kitu ila upole, upole wa mtu anayemjazia maji mnyama mzee aliyemkuta nyumbani alipozaliwa.

"Na tukishakwisha?" aliuliza.

"Tutaondoka. Huku kunatupoza. Kuna nchi zimeanza kuwa na joto zuri, hakuna mtu." Jua lilikuwa linachungulia juu ya mapaa, naye akalinyooshea shingo. "Kuna watu wanasema watoto watakaozaliwa kwetu hawatahitaji hata maji haya."

"Watajua habari zetu?"

Kokoto alilifikiria swali kwa dhati, kwa kuwa hakuwa mwongo. "Sijui tutawaeleza kwa maneno gani, bibi. Mengi yenu hatuna neno lake."

Akainuka. Wenzake walikuwa wanamngoja barabarani na madumu mabegani. Alisita kidogo kama aliyesahau kitu, akanyoosha kiganja chake cha moto, akakigusisha kwenye mvi za bibi yake, akakiondoa haraka. Kisha akaenda, na mwanga ulikuwa tayari mkali kiasi cha kuumiza macho, ikabidi Mama Kitana afunge mlango kabla hawajamaliza mtaa.

Ndani palikuwa na giza. Alilivuta dumu kwa miguu, akamimina kikombe kimoja, akanywa. Yalikuwa maji mazuri, ya mbali. Akalala benchini, uso ukutani, akaanza kungoja jioni.